Mhariri, "amwone daktari" ilinichukua wiki kumi na moja

Ndugu Mhariri,

Jumamosi mbili zilizopita mlichapisha ukurasa mzima wa ushauri kwa wasafiri. Sanduku, pasi, chaja, dawa ya kuharisha, hata viatu vya kuvua upesi pale kwenye ukaguzi, yote mliyapa nafasi yake. Kisha chini kabisa, mstari mmoja: mwenye ugonjwa wa muda mrefu amwone daktari kabla ya safari. Nilicheka peke yangu kwa sauti hadi mjukuu wangu akashtuka, akaanza kulia. Mjukuu huyo ana wiki nane, na ndiye sababu ya safari yenyewe. Huo mstari wenu ulinichukua wiki kumi na moja kuutekeleza, na ndiyo maana nawaandikia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, nina miaka 67. Kwa miaka tisa sasa nina ugonjwa wa damu uitwao polisithemia vera. Uboho wangu hutengeneza seli nyekundu bila kujua kuacha. Damu inakuwa nzito, na damu nzito huganda pasipotakiwa: mguuni, kwenye mapafu, kichwani. Karibu asilimia 95 ya wenye ugonjwa huu wana badiliko moja katika jeni iitwayo JAK2, jambo lililogunduliwa mwaka 2005. Hauambukizi, na ukinitazama huwezi kuujua, isipokuwa labda uwekundu wa mashavu ambao marafiki zangu huuita afya njema. Dawa zangu ni aspirini ndogo kila siku na kapsuli za miligramu 500 za haidroksiyurea, dawa ya kuupunguza uboho kasi. Namba ikipanda natolewa damu, sawasawa na mtu anayechangia, ila yangu humwagwa.

Hiyo namba ndiyo mwenye nyumba. Inaitwa hematokriti. Ukiizungusha damu kwa kasi ndani ya mrija mwembamba, seli nyekundu hutuama chini; hematokriti ni kimo cha mashapo hayo ukikilinganisha na kimo cha damu yote. Yangu inatakiwa ikae chini ya 45 kwa mia. Wataalamu hawakuichagua namba hiyo kwa kupendezwa nayo. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 365 nchini Italia. Waliowekwa chini ya 45, waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa au kupata mgando mkubwa wa damu walikuwa asilimia 2.7, walioachwa kati ya 45 na 50, asilimia 9.8. Miaka yote niliyofundisha asilimia, sikuwahi kupata mfano ulionikaa rohoni kama huo. Nyumbani nina karatasi ya grafu ukutani, na kila kipimo ni nukta.

Sasa, binti yangu alipopata ujauzito aliniomba niende nikakae naye, wiki kumi na saba: mbili kabla ya kujifungua, kumi na tano baadaye. Anakoishi ni ndege mbili, saa kumi na tisa ukijumlisha na kusubiri. Nikafanya kama afanyavyo kila mtu, nikatafuta tiketi kwanza. Nilikwenda kwa daktari wangu nikiwa na tarehe mkononi, nimejiandaa kujibu swali la kama naweza kusafiri. Hakuniuliza hilo.

"Mwalimu," akaniambia, "wiki ya nne na wiki ya kumi na moja utakuwa wapi, na nani atakutoa damu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeipanga safari kwa siku za kuruka na kutua, na yeye alikuwa anaipanga kwa siku za sindano. Tukaanza upya, kinyumenyume. Akachora mstari, akaweka nukta ya kipimo cha mwisho kabla ya kuondoka, nukta mbili za ugenini, nukta moja ya kurudi. Tarehe ya mtoto ilikuwa ya Mungu na haisogei, kwa hiyo nukta zote zilipangwa kuizunguka. Kipimo cha kwanza cha ugenini alitaka kiwe wiki ya nne. Nikamwambia wiki ya nne mtoto atakuwa na siku saba na mama yake hatasimama sawasawa, nani atanipeleka? Akakisogeza wiki moja. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumwona daktari maana yake ni kukaa naye kwa kalamu na kalenda, na kwamba dakika kumi za kliniki hazitoshi. Niliomba miadi ya pili kwa ajili hiyo tu, na nilipewa.

Kutafuta maabara ya ugenini kulinitoa jasho kuliko nilivyodhani. Binti yangu aliandikia vituo vitatu. Kimoja hakikujibu. Cha pili kilisema hakipokei mtu asiye na rufaa ya daktari wa huko. Cha tatu kilikubali kupima, lakini kutoa damu hakifanyi. Wazo likanijia, la kijinga ukilitazama leo: si niende tu kwenye kituo cha kuchangia damu, nilale, wanitoe, niseme asante? Daktari alicheka. Mwenye ugonjwa kama wangu hakubaliwi kuwa mchangiaji, na kudanganya kwenye fomu ile ni kumwekea mgonjwa mwingine damu isiyomfaa. Mwishowe binti yangu alimwomba daktari wake wa familia anipokee kama mgonjwa wa muda, yeye akaandika rufaa ya hospitali yenye kitengo cha damu, na kitengo kikanipa tarehe mbili. Mlolongo huo ulikula wiki nne. Angengoja mpaka nifike, wiki ya tano ingenikuta bado nazungushwa.

Barua ya daktari nayo ina mambo yake. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, imejaa historia tangu siku ya kwanza. Nikamrudishia, kama nilivyozoea kumrudishia mwanafunzi insha ndefu. Akaifupisha ukurasa mmoja: ugonjwa, mwaka ulipogunduliwa, dawa kwa jina lake la kitaalamu wala si jina la kiwandani (jina la kiwandani hubadilika ukivuka mpaka), dozi, vipimo vitatu vya mwisho, na sentensi ambayo kwangu ilizidi zote: hematokriti ikifika 45 au zaidi, atolewe mililita 300. Kwa wengi hutolewa kama 450, lakini kwa umri wangu na uzito wangu wa ndege wa mtini, 300 zinatosha. Bila sentensi hiyo daktari mgeni angekisia, au angeniambia ningoje nirudi kwetu.

Na chini ya vipimo nilimwomba aandike vizio. Hapa naomba wasomaji wenye maradhi ya damu wanisikilize vizuri. Hematokriti yangu 44 kwa mia, maabara nyingine huiandika 0.44. Hilo ni jepesi. Lakini hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo kwangu husomwa gramu 14.5 kwa desilita, sehemu nyingine huandikwa 145, yaani gramu kwa lita, na Uholanzi kwa mfano huandikwa milimoli, ikawa 9.0. Mtu aliyezoea kusoma 14.5 akiona 9 atadhani ametokwa na damu usiku kucha. Damu ni ile ile! Ni sawa na kusema mita na hatua. Nilitengeneza jedwali dogo la kugeuza, nikalibandika nyuma ya daftari langu, na nakiri nililifurahia kuliko inavyostahili.

Bima sasa. Kama kuna mahali niliwahi kutamani kuahirisha kila kitu, ni hapa.

Fomu iliuliza: je, una au umewahi kuwa na saratani? Ndiyo, Hapana. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha jina la kundi la ugonjwa wangu na ndugu zake, neno "maradhi" likaondoka na neno "vivimbe" likaingia, yaani jamii ya saratani. Daktari wangu huuita saratani ya damu inayokwenda polepole, akiwa na haraka huuita ugonjwa wa damu tu. Mimi mwenyewe kwa miaka tisa sijawahi kulitamka neno lile mbele ya wanangu. Nikakaa mbele ya visanduku viwili, nikajua kwamba nikiweka alama kwenye Hapana na mguu ukavimba huko ninakokwenda, kitu cha kwanza watakachotafuta ni fomu hii. Nikaweka Ndiyo. Binti yangu akapiga simu kuuliza mbona kwenye nakala niliyomtumia kumeandikwa saratani. Mazungumzo yetu usiku huo yalikuwa marefu, na si ya kuchapishwa gazetini.

Wakanikubali, kwa nyongeza ya malipo. Wiki mbili baadaye kipimo kikatoka 45.9, na daktari akataka kuongeza dozi. Nilikuwa nameza kapsuli kumi na moja kwa wiki: mbili kwa siku nne, moja kwa siku tatu. Akataka kumi na mbili. Kapsuli moja tu kwa wiki, Mhariri. Lakini kwenye masharti ya bima yangu kulikuwa na kifungu: dozi ikibadilika ndani ya siku 90 kabla ya kuondoka, ugonjwa hauhesabiwi kuwa umetulia, na mabadiliko yoyote baada ya kununua bima lazima yatolewe taarifa. Zilikuwa zimebaki siku 42.

Hebu fikiria mtego huo. Kuongeza dozi ndiko kunakopunguza hatari ya damu kuganda ndani ya ndege. Kutoongeza ndiko kunakoifanya fomu ipendeze. Najua watu walioamua kufuata fomu. Mmoja nilikutana naye kwenye benchi la kliniki, akaniambia amemwomba daktari wake angoje, ampandishie dozi atakaporudi safari. Sikumlaumu, ila mimi niliongeza kapsuli siku hiyo hiyo, nikawaandikia watu wa bima siku iliyofuata. Walikaa kimya siku tisa. Jibu likaja: wanaendelea kunilinda kwa kila kitu isipokuwa ugonjwa wa damu na matokeo yake. Yaani nikivunjika mkono niko salama. Nilikata mkataba nikatafuta mwingine, ambao waliniuliza maswali kwa simu kwa dakika arobaini, binadamu kwa binadamu, wakataka barua ya daktari na vipimo viwili baada ya dozi mpya. Vyote vilikuwa 44 na pointi. Wakakubali. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye safari ndefu: swali la dozi limalizwe na daktari miezi minne kabla, kama mwili unakubali. Mwili wangu haukuuliza kalenda.

Kapsuli zilikuwa hesabu nyepesi. Wiki kumi na saba, ukiongeza tatu za akiba kwa ndege kughairi au mimi kuugua, ni wiki ishirini. Mara kumi na moja, 220. Dozi mpya ikazifanya 240. Duka la dawa lilikuwa na kawaida ya kutoa za mwezi mmoja tu, na kijana wa dirishani hakutaka kusikia habari za wajukuu. Cheti kipya chenye maneno "dawa za safari ya wiki 20" ndicho kilichomlegeza. Wengine wachunguze pia sheria za wanakokwenda; Japani, kwa mfano, dawa za cheti zinazozidi matumizi ya mwezi mmoja zinahitaji kibali kabla hujafika. Zangu zilikwenda zote kwenye mikoba ya mkononi, ndani ya vifungashio vyake vya asili, nusu huku na nusu kule. Sanduku la chini ya ndege nililipa nguo tu.

Chanjo nusura iniharibie njia. Tiketi ya bei nafuu ilipitia nchi yenye homa ya manjano, kusubiri saa kumi na nne. Zipo nchi zinazodai cheti cha chanjo hiyo kwa abiria aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi ya namna hiyo, hata kama hakutoka nje, na ninakokwenda ni mojawapo. Mimi sijawahi kuchanjwa. Chanjo yenyewe ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Dawa ninayomeza hupunguza kinga, na waliovuka miaka 60 wanaochanjwa kwa mara ya kwanza wana hatari zaidi ya madhara. Daktari angeweza kuniandikia cheti cha kusamehewa, ila nchi inayokupokea hailazimiki kukikubali. Nikabadilisha njia.

Ndani ya ndege sikuwa na mengi. Kiti cha kando ya ujia, soksi za kubana hadi chini ya goti zilizopimwa mguuni wala si za kubahatisha, maji, kutembea kila saa, hakuna kidonge cha usingizi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria, mwaka 2007, kwamba kwa mtu mzima wa afya, safari ya zaidi ya saa nne humletea mgando mmoja katika watu kama 6,000. Mimi si mtu huyo wa afya, basi nilitembea hadi mhudumu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu natafuta mjukuu.

Jambo ambalo hakuna fomu iliyoniuliza, na nusura tulisahau sote, ni mikono ya binti yangu. Zamani akija kunitembelea yeye ndiye aliyenipangia kapsuli kwenye kiboksi cha siku saba. Haidroksiyurea ni dawa inayozuia seli kugawanyika, na mjamzito hatakiwi kuigusa. Aliponipokea uwanjani akachukua mkoba wangu wa mkononi kama mtoto yeyote mwenye adabu, nikamnyang'anya kwa ukali hadi watu wakageuka. Nilimweleza ndani ya gari. Tangu siku hiyo dawa zangu zina droo yake yenye ufunguo, nazishika mwenyewe kwa glavu, nanawa mikono kabla sijambeba mtoto. Hata mtoto akianza kutambaa, droo itakuwa juu.

Wiki ya tano nilipimwa. Karatasi ikaja 0.458. Nesi aliyeisoma akasema ni nzuri, iko ndani ya kiwango cha kawaida cha mwanamke wa umri wangu, na kwa mwanamke mwingine angekuwa sahihi. Nikatoa barua. Akaisoma mara mbili, akamwita daktari, na baada ya nusu saa nikawa nimelala, mililita 300 zikatoka, nikapewa maji na kuambiwa nisinyanyuke haraka. Nimeishi hadi kuona ile sentensi moja ikifanya kazi yake mbele ya macho yangu, kwa lugha nisiyoijua vizuri.

Kwa hiyo, Mhariri, mkirudia ukurasa wenu wa wasafiri, nawaomba mtuongezee mistari. Tuambieni tuanze na tarehe za vipimo kabla ya tiketi. Waambieni wasomaji wadai nakala za majibu yao, mkononi, na vizio vyake, kwa sababu kliniki nyingi bado huona majibu ya mgonjwa ni mali ya faili. Na kama mna mwandishi mwenye ubishi, mtumeni kwenye kampuni za bima aulize: kwa nini mgonjwa anayerekebisha dozi kwa wakati anaonekana hatari kuliko yule aliyekaa kimya? Mimi nimeuliza kwa barua mbili na sijajibiwa.

Karatasi yangu ya grafu nilikuja nayo, imekunjwa mara nne. Binti yangu ameibandika kwenye jokofu, na kwa kalamu nyekundu ameanza kuchora uzito wa mtoto hapo hapo, juu ya nukta zangu, kwa kipimo chake mwenyewe ambacho hakilingani na changu na kinanikera kila asubuhi. Mstari wake unapanda. Wangu nautaka ulale.

Alhamisi saa tatu napimwa tena. Mtoto anapimwa uzito saa nne, jengo hilo hilo, ghorofa ya chini. Tumezipanga miadi zipakane ili gari liwe moja.

Mwalimu mstaafu
(Jina na anwani amepewa Mhariri)